Imeili ya malipo si malipo: kwa anayeuza gari mtandaoni

Ukishaweka tangazo la IST yako mtandaoni, na bei yake, simu yako na anwani ya barua pepe, wa kwanza kukutafuta huwa ni madalali, wanafuata matapeli, halafu ndiyo wanakuja wanunuzi. Madalali tuwaache, tumeshawazoea. Mimi kazi yangu ni ulinzi wa mifumo ya barua pepe, na watu wakiniletea simu niwaangalizie kama mnunuzi waliyempata ni wa kweli, wengi huanza hivi: “Lakini mbona imeandikwa vizuri?”

Kuandikwa vizuri hakuthibitishi chochote siku hizi. Zamani tuliambiana tuchunguze Kiingereza kibovu na herufi zilizorukwa. Sasa tapeli anaandikiwa na programu ya akili mnemba, na Kiswahili chake kinatoka sanifu kuliko changu na chako. Ushauri ule tuuzike.

Badala yake, angalia hela inaelekea upande gani. Muuzaji anapokea. Ikitokea hatua yoyote inayomtaka muuzaji atoe hela yake, hata kama ni ndogo, simamisha mazungumzo hapo hapo. Simulizi yenyewe ni ya kizamani: mnunuzi yuko kwenye mitambo ya mafuta baharini, au ni mwanajeshi nje ya nchi, hawezi kuja kuliona gari. Haulizi limetembea kilomita ngapi, haulizi kama linavujisha oili, na bei anaikubali kama ulivyoitaja. (Mtu ananunua gari bila kuomba apunguziwe? Hiyo peke yake ingetosha kukushtua.) Kisha inaingia imeili yenye nembo ya kampuni ya malipo: dola 6,000 zimepokelewa kwa jina lako, ila ndani yake kuna dola 800 za wakala wa kusafirisha, na hela yote imezuiwa mpaka utume hizo 800 kwa wakala na kurudisha risiti. Hakuna kilichozuiwa, kwa sababu hakuna kilichotumwa. Ni “ile hela tuma kwenye namba hii” imevaa suti.

Kwa nini imeili inaweza kujiita jina lolote? Kanuni za SMTP, zinazosafirisha barua pepe mpaka leo, Jon Postel alizichapisha mwaka 1982, na hazikuwa na njia ya kumhakiki anayetuma. Uhakiki ulikuja kubandikwa baadaye, kwa vipimo vitatu: SPF, DKIM na DMARC. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawalazimisha wanaotuma barua kwa wingi wawe navyo vyote vitatu. Vimesaidia, lakini vinathibitisha kikoa tu (lile jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani), havithibitishi nia. Tapeli akisajili kikoa chake leo asubuhi, barua zake zinapita ukaguzi bila tatizo. Tena wapo wanaotumia huduma halisi ya malipo kukutumia ombi la malipo, kisha kwenye sehemu ya maelezo wanaandika “umelipwa”. Barua inakuwa ya kweli, maneno ndiyo ya uongo.

Kwenye simu, programu nyingi zinakuonyesha jina la mtumaji tu. Gusa jina, anwani nzima itokee. Ukikuta jina la benki na nyuma yake anwani ya Gmail, umemaliza kazi. Kikoa kisome kuanzia kulia: benkiyako.co.tz.mfano.com si mali ya benki yako, ni ya mwenye mfano.com. Halafu bonyeza kujibu bila kutuma, uone jibu linaelekea wapi. Mara nyingi linakwenda kwenye anwani tofauti kabisa na ile iliyokuandikia.

Mchezo ninaouogopa zaidi hauna mwanajeshi wala meli. “Mnunuzi” anakuandikia kwa adabu, anaomba picha ya kadi ya gari pande zote mbili na kitambulisho chako cha NIDA, eti mwanasheria wake aandae mkataba wa mauziano. Muda si mrefu gari lako liko kwenye tangazo jingine, kwa milioni tatu pungufu. Mnunuzi halisi anaingia. Wewe unaambiwa: “Shemeji yangu atapita kuliona, bei usiongee naye, mlipaji ni mimi.” Yeye anaambiwa: “Utamkuta kaka yangu, anakuonyesha tu, mambo ya hela hayajui.” Mnakutana, gari linawashwa, boneti inafunguliwa, anazunguka nalo mtaa mzima, anaridhika. Hela haitajwi. Anamlipa tapeli, nawe unapokea imeili yenye PDF ya slipu ya TISS, mfumo wa kuhamisha hela kati ya benki na benki. Kisha jamaa anadai funguo, na hapo mnaanza kushikana mashati, wote wawili mmelizwa na mtu ambaye hayupo.

Slipu hiyo inatengenezwa kwa dakika chache, iwe ya TISS au ya SWIFT (ile ya hela za kutoka nje ya nchi), mihuri na yote. Kinga ya mchezo huu ni maswali mawili kwa yeyote anayekuja kuliona gari: unalinunua kwa shilingi ngapi, na unamlipa nani? Atakayekukataza kuyauliza ndiye tapeli. Picha za kadi zisitoke kabla hamjaonana. Mnunuzi wa kweli ataisoma mkononi mwako. Na siku ya malipo nendeni pamoja kwenye tawi la benki yako. Sahihi na funguo vitoke baada ya wewe kuiona hela kwenye salio, kwa programu uliyoifungua mwenyewe bila kupitia kiungo cha kwenye barua.

Walioko Marekani wana lao. Cheki ya benki ya bandia inaweza kuingia, hela ikaonekana na hata kutoleka, kwa sababu sheria inaibana benki iwahi kuziachia. Wiki kadhaa baadaye cheki inarudi, na deni ni lako. Mwingine atakutaka ununue ripoti ya historia ya gari kwenye tovuti anayoichagua yeye. Anachokitaka ni namba ya kadi yako ya benki.

Kama umeshatuma hela, ipigie benki au mtandao wako wa simu kwanza, polisi baadaye, kwa sababu kuzuia muamala ni suala la dakika. Namba ya simu ya tapeli iripoti kwa kuituma 15040. Kesi zenyewe huku kwetu Tanzania zinaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Imeili usiifute kwa hasira, na usidhani picha ya skrini inatosha. Njia barua iliyopitia imeandikwa ndani ya barua yenyewe, sehemu ambayo skrini haiionyeshi. Ukiipakua kama faili na kuwakabidhi wapelelezi hivyo hivyo, wanakuwa na pa kuanzia.