Kaya Si Mtu Mmoja: Jina la Mwanamke katika Sera za Kilimo na Chakula

Mkulima wa Tanzania Bara anayehitaji mbolea ya ruzuku hutakiwa kwanza aandikishwe kijijini kwake, yeye pamoja na eneo la shamba na mazao anayolima, ndipo apewe namba atakayoitumia kununulia mbolea hiyo kwa wakala wa pembejeo. Utaratibu huo ulioanza msimu wa 2022/23 haumzuii mwanamke kwa neno lolote. Hata hivyo, mahali wanapoishi mume na mke, jina linaloingia kwenye daftari mara nyingi huwa la mume, kwa kuwa shamba hutajwa kuwa ni lake, na mke aliyepanda, akapalilia na kuvuna huhesabiwa kuwa amekwisha kuwakilishwa. Sisi tunaochambua sera za kilimo tunapaswa kuanzia hapo, kwenye mstari mmoja wa daftari, kabla hatujafika kwenye maazimio ya mikutano mikubwa.

Sera nyingi za kilimo katika nchi zinazoendelea zimejengwa juu ya kaya. Hudhaniwa kwamba kaya ina mfuko mmoja na uamuzi mmoja, na kwamba mfuko wa mbolea ukishaingia nyumbani umewafikia wote. Hali ilivyo mashambani ni tofauti. Ndani ya kaya moja huwa kuna shamba la baba na kipande cha mama, zao la kuuza na zao la kula, fedha za mume na vijisenti ambavyo mke huvipata sokoni na kununulia chumvi, sabuni na madaftari ya watoto. Ruzuku inayotolewa kwa jina la mkuu wa kaya huelekea kwenye zao la mkuu wa kaya.

Gharama ya kutolitazama jambo hili imekwisha kupimwa. Katika taarifa yake ya mwaka 2011, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilieleza kwamba wanawake ni wastani wa asilimia 43 ya nguvukazi ya kilimo katika nchi zinazoendelea, na kwamba wangepata pembejeo na rasilimali sawa na wanaume, mavuno ya mashamba yao yangeweza kuongezeka kwa asilimia 20 hadi 30, na idadi ya watu wenye njaa duniani ingepungua kwa asilimia 12 hadi 17. Taarifa ya shirika hilo ya mwaka 2023 ilionyesha kuwa hata pale mashamba yanapolingana ukubwa, yale yanayosimamiwa na wanawake huzalisha kwa asilimia 24 pungufu. Pengo hilo halitokani na uvivu wala na upungufu wa akili ya ukulima. Mwanamke anayechota maji, kutafuta kuni, kupika na kulea huingia shambani akiwa amechelewa, hana fedha za kuweka vibarua wakati wa palizi, na siku afisa ugani anapoitisha mafunzo, anayetumwa kuhudhuria ni mume.

Mzizi mkubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni ardhi. Tamko la Sheria za Kimila la mwaka 1963, Tangazo la Serikali Namba 436, lilimruhusu mwanamke kurithi, lakini ardhi ya ukoo aliruhusiwa kuitumia tu katika uhai wake bila kuiuza. Mwaka 1990, katika kesi ya Ephraim dhidi ya Pastory iliyotoka mkoani Kagera, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kizuizi hicho kinapingana na haki za msingi zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo anaweza kuiuza kwa masharti yale yale yanayomhusu mwanamume. Ilikuwa hukumu ya kijasiri. Lakini tamko lenyewe halikufutwa, na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake ililazimika kuiambia Tanzania, katika shauri la wajane wawili walionyimwa mirathi, kwamba sheria hizo za kimila zinavunja mkataba ambao nchi iliuridhia mwaka 1985.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kwa upande wake, ni miongoni mwa sheria nzuri katika eneo hili la Afrika. Inatamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume, inabatilisha mila yoyote inayomnyima haki hiyo, na inataka angalau watatu kati ya wajumbe saba wa Baraza la Ardhi la Kijiji wawe wanawake. Kazi imebaki vijijini. Wakati wa kupima mashamba na kutoa hati za hakimiliki ya kimila, fomu inaweza kubeba majina ya wanandoa wote wawili, lakini hujazwa kama inavyotamkwa na mtu aliyesimama kwenye mpaka siku hiyo. Mke ambaye hakuelezwa mapema kwamba anaweza kuandikwa atajua baada ya msiba, shemeji wanapokuja na karatasi.

Suala la mazao nalo lina mgawanyo wake. Kwenye vihamba, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, vya mteremko wa Kilimanjaro, kahawa imekuwa zao la mwanamume tangu enzi za ukoloni, wakati ndizi, maharage na maziwa yalikuwa mikononi mwa mwanamke, aliyeyapeleka sokoni mwenyewe. Fedha za kahawa zilipitia chama cha msingi cha ushirika, na mwanachama alikuwa mwenye mibuni. Watunga sera walipozungumzia kilimo cha biashara walikuwa na maana ya kahawa, pamba, tumbaku na korosho, na huko ndiko utafiti, mikopo na masoko yalikoelekezwa. Mazao ya jikoni hayakupewa uzito huo, ilhali ndiyo yanayolisha nyumba. Viazi lishe, yaani viazi vitamu vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A kwa wingi, ni mfano mzuri: kina mama wa Kanda ya Ziwa ndio wanaohifadhi marando, yaani mashina ya kupandia, karibu na maji wakati wa kiangazi ili mbegu isipotee, kwa hiyo mpango wa lishe usiowahusisha wao unakosa mbegu yenyewe.

Zipo hatua zinazoonyesha kwamba njia nyingine inawezekana. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia nne ikiwa ya vikundi vya wanawake. Utoaji wake ulisitishwa mwaka 2023 ili kurekebisha usimamizi, kisha ukarejeshwa. Uzuri wake ni kwamba anayeandikwa ni mwanamke mwenyewe, pamoja na wenzake, na si kaya. Udhaifu ni kwamba mkopo wa kikundi haumpi mtu ardhi wala haumwingizi katika ushirika unaonunua zao lake.

Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mkulima Mwanamke, na hotuba hazitakosekana. Ombi langu kwa maafisa wa kilimo, ardhi na ushirika ni dogo na linatekelezeka msimu huu: fomu ya pembejeo, ya hati na ya uanachama iwe na nafasi ya mume na nafasi ya mke, kila mmoja aulizwe mwenyewe analima nini na wapi, na halmashauri ibandike kwenye ubao wa matangazo idadi ya wanawake walioandikwa kwa majina yao, kijiji kwa kijiji.