Alama ya Wi-Fi imejaa, mbona intaneti inakatika?

Watu wengi wakiona intaneti inakatikakatika ilhali alama ya Wi-Fi imejaa, hukimbilia kununua kifurushi chenye kasi kubwa zaidi. Pesa inakwenda, tatizo linabaki, na hilo linaniuma kila ninapoliona. Alama ile haipimi intaneti hata kidogo. Inaonyesha nguvu ya mawimbi kati ya kompyuta yako na ruta, yaani kile kifaa kinachogawa Wi-Fi, iliyopo sebuleni, basi. Yanayotokea nje ya nyumba haiyajui.

Tafuta kwanza panapokatikia. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike ping -t 192.168.1.1, amri inayoiuliza ruta tena na tena kama ipo na kusubiri jibu, au anwani iliyobandikwa chini ya ruta yako kama ni tofauti. Fungua dirisha la pili, andika ping -t 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google huko nje kwenye intaneti. Yaache yote mawili, endelea na kazi zako. Intaneti ikikatika, yatazame: la kwanza likiendelea kujibu huku la pili limenyamaza, shida kwa kawaida iko upande wa nje, na sasa unampigia mtoa huduma ukiwa na ushahidi mkononi. Yote yakinyamaza, shida iko humo humo ndani.

Hapo chomeka waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta. Mambo yakitulia, mkosaji ni Wi-Fi. Mara nyingi kompyuta yenyewe huzima kadi yake ya Wi-Fi ili kuokoa umeme. Fungua mipangilio ya kadi hiyo kwenye Device Manager, sehemu ya Power Management, uondoe tiki inayoiruhusu kompyuta kuizima. Maikrowevu nayo huvuruga masafa ya gigahezi 2.4, kwa hiyo hamia masafa ya gigahezi 5 kama ruta inayo.