Je, wajua kwa nini ufa uliozibwa kwa saruji huzaa mwenzake?

Methali hutuamuru kuziba ufa tusije tukajenga ukuta, lakini haisemi uzibwe kwa kitu gani, na hapo ndipo nilipokosea. Tulipoligeuza ghala la chini la nyumba yetu ya Mkomani, Lamu, kuwa chumba cha kulala, lipu mpya ya chokaa ilitoa nyufa nyembamba kama unywele kabla hata kitanda hakijaingia. Niliamini kwamba kigumu zaidi ndicho kizibacho vyema zaidi, nikazijaza saruji. Masika ilipokwisha, saruji ilikuwa imara vilevile. Ufa mpya ulikuwa umepita ubavuni mwake, sambamba nayo, kwa unadhifu wa kuudhi.

Mara nyingi nyufa za aina hiyo si dalili ya nyumba kutitia. Lipu husinyaa inapokauka, na upepo ukivuma dirishani, uso wake hukauka kabla ya tumbo. Kosa lilikuwa katika tiba. Shona kiraka cha turubai kwenye kanga kuukuu, kisha uivae: turubai halitachanika, bali kanga itachanika kando ya mshono, kwa kuwa chenye kunyumbuka kimefungwa kwa kisichonyumbuka. Ukuta wa matumbawe na chokaa hucheza kidogo kwa joto na unyevu. Saruji hukataa kucheza nao, na mvutano wote huishia mpakani. Tena saruji hupitisha unyevu kwa shida, hivyo maji yapandayo kutoka msingini hutokea kando ya kiraka na kuacha chumvi, ambayo ikiganda husukuma lipu kama jino jipya lisukumavyo ufizi.

Chokaa ina tabia ya ajabu zaidi. Matumbawe yachomwapo tanuuni, kwenye nyuzi 900 hivi za Selsiasi, hupoteza kaboni dioksaidi na kubaki chokaa. Chokaa ikishamwagiwa maji na kupakwa ukutani, huirudisha gesi hiyo polepole kutoka hewani na kuwa jiwe tena. Sehemu ambayo bado haijageuka huyeyuka kidogo majini, huchukuliwa hadi ufani, na huko hugeuka jiwe. Ukuta, kwa kiasi fulani, hujitibu. Lakini ni kwa ufa mwembamba sana, penye unyevu, si katika chumba chenye feni mchana kutwa.

Basi niliikwangua saruji kwa patasi, nikalowesha nyufa mpaka zikaacha kunywa, nikasindilia chokaa laini iliyochanganywa na mchanga uliochekechwa, kwa kidole gumba chenye glavu, maana chokaa mbichi huunguza ngozi. Gunia bichi lilifunika mahali hapo siku kadhaa, kisha nikapaka chokaa nyepesi kama maziwa mara nne.

Ufa uzidio milimita 1, au ukimbiao mshazari kutoka pembe ya dirisha, usizibwe kwanza: weka alama ya penseli na tarehe kwenye ncha zake, na ukirefuka, mwite fundi mwashi. Mmoja wa kwangu ulikuwa wa namna hiyo. Penseli ingali pale, na ufa haujaivuka.