Shule na klabu ya mtaani: nani atie sahihi, na wapi

Tangu mwaka wa masomo uanze, ofisi yetu ya michezo ya vijana hapa Lubumbashi inapokea malalamiko ya aina moja kutoka komini (sehemu za jiji) za Katuba, Kenya na Ruashi. Klabu imechukua wanafunzi kwa mazoezi, mwalimu wa darasa hana habari, na mzazi alidhani shule ndiyo iliyoruhusu. Tukiuliza mkataba, tunajibiwa: "Tulielewana na prefe." Kuelewana na prefe, yaani mkuu wa shule, si mkataba.

Shule nyingi zina kiwanja lakini hazina kocha, na klabu nyingi ziko kinyume chake. Faida iko wazi, sitaieleza. Wala msingoje klabu kubwa za jiji, Mazembe au Lupopo, zije kubisha hodi. Klabu ndogo ya komini yenu, ya mpira wa miguu, basketi au judo, inatosha.

Hivi karibuni tuliletewa karatasi ya daftari yenye mistari mitatu, muhuri wa klabu umegongwa juu ya sahihi hata jina halisomeki: "Klabu itatoa mipira, shule itatoa wachezaji." Mipira mingapi? Wachezaji wa umri gani? Mtoto akivunjika mkono, nani anamlipia hospitali?

Tunashauri mkataba uwe wa mwaka mmoja wa masomo, kwa nakala nne: ya shule, ya klabu, ya komite ya wazazi na ya sudivizio, yaani ofisi ya elimu ya eneo lenu. Utaje siku na saa za mazoezi. Shule zenye zamu mbili ziangalie sana hapo: mtoto wa zamu ya mchana hawezi kuitwa kiwanjani saa tisa, na kocha anayesema "aruke somo moja tu" hatufai. Uandikwe pia ni nani anayewasindikiza wanafunzi kwenda na kurudi. Ruhusa ya mzazi iwe ya kila mtoto peke yake, si orodha ya majina yenye sahihi moja chini, na iambatane na cheti cha daktari.

Cheti cha kuzaliwa, klabu ipewe kopi. Chenyewe kinabaki nyumbani. Tunarudia kila mwaka, na kila mwaka kuna baba anayekikabidhi kwa mtu aliyemwahidi mtoto wake Ulaya. Kwa sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009, mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. FIFA nayo hairuhusu mchezaji wa chini ya umri huo kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa katika kanuni zake. Na anayempunguzia mchezaji miaka kwenye karatasi ajue kwamba kughushi hati kunaadhibiwa kwa kifungo cha miezi sita hadi miaka mitano na faini, au mojawapo ya adhabu hizo. Sheria haiulizi kama mtoto alifunga mabao.

Kuhusu fedha, baadhi ya maprefe wanaamini kwamba mwanafunzi wao akiuzwa nje, shule italetewa fungu lake. Hapana. Ile 5% ya ada ya uhamisho, ambayo FIFA inaiita mchango wa mshikamano, hugawiwa klabu zilizomlea mchezaji kuanzia mwaka wa kutimiza miaka 12 hadi mwaka wa kutimiza 23, na klabu hizo ziwe zimesajiliwa katika shirikisho la mpira. Shule haimo. Ikitaka kitu, wavu, mipira au minervali (karo) ya wachezaji wasio na uwezo, ikiandike kwenye mkataba kabla ya sahihi.

Tangu wasichana wa TP Mazembe watwae kombe la klabu bingwa Afrika mwaka 2024, shule nyingine zinatuuliza kuhusu timu za wasichana. Masharti ni yale yale, na tunaomba awepo mwanamke mmoja mtu mzima mazoezini na safarini.

Klabu ambazo tayari zina wanafunzi viwanjani zisiwafukuze kwa kuogopa barua hii. Ziendelee na mazoezi, ziwaite wazazi Jumamosi moja, waandike, kisha walete nakala ya nne kwenye sudivizio. Sisi hatudai franga kwa kuisoma. Atakayewadai, ombeni risiti.