Je, wajua kwa nini farasi asiye na mpandaji anaweza kushinda Palio ya Siena, mbio za farasi zinazoshindanisha mitaa ya mji huo wa Italia?

Tarehe 16 Agosti 2019, katika uwanja wa Piazza del Campo mjini Siena, Italia, farasi aitwaye Remorex alimaliza wa kwanza. Mgongoni hakuwa na mtu. Aliyempanda, Giovanni Atzeni, alikuwa ameshaanguka njiani. Watu wa mtaa wa Selva waliingia uwanjani wakilia kwa furaha, wakaenda kuchukua tuzo yao.

Mara ya kwanza nilipoona picha za mbio za namna hii, nilimwambia niliyekuwa naye kwamba ushindi ule hauhesabiwi. Nilisema kwa uhakika kabisa. Nilidhani kuna jambo limekatwa kwenye video, kwamba baadaye aliyeshika nafasi ya pili, mwenye mpandaji, alitangazwa mshindi. Nilikosea, na nimeona watu wengi wakikosea vilevile, kwa hiyo inafaa kueleza kosa lenyewe linatoka wapi.

Linatoka kwenye mbio za farasi tunazozifahamu. Katika mbio za kawaida, iwe Ngong kule Nairobi au Uingereza, mpandaji hupimwa kwenye mizani pamoja na tandiko lake kabla ya mbio, kisha hupimwa tena baada ya mbio. Uzito aliopangiwa farasi ni sehemu ya shindano. Mpandaji akianguka, uzito umeanguka naye, na farasi wake hana tena shindano hata akifika wa kwanza. Ukiwa na kanuni hiyo kichwani, kumpa ushindi farasi mtupu ni sawa na kuhesabu bao lililofungwa baada ya kipenga.

Siena hakuna tandiko wala mizani. Wapandaji hukaa juu ya mgongo mtupu wa farasi, kama vijana wa Lamu wanavyokaa juu ya punda siku ya mashindano. Lakini hata hilo bado halijibu swali. Jibu limo katika swali jingine: ni nani hasa anayeshindana?

Historia yenyewe kwa ufupi. Mbio hizi za kuzunguka uwanja zilishika mizizi karne ya 17. Kabla ya hapo farasi walikimbizwa kupitia mitaa ya mji, na ndani ya uwanja watu walishindanisha hata nyati wa kufugwa na punda. Tangu 1721 idadi ya washindani imewekwa kuwa kumi. Mwaka 1729 gavana Violante wa Bavaria alitoa amri iliyochora mipaka ya mitaa 17, na mipaka hiyo ndiyo inayofuatwa hadi leo. Mbio hufanyika mara mbili kwa mwaka, Julai 2 na Agosti 16, na mara chache huongezwa ya tatu kwa tukio kubwa, kama ile ya 1969 baada ya binadamu kufika mwezini. Vita kuu mbili zilizisimamisha, na korona ikazisimamisha tena 2020 na 2021. Neno palio lenyewe ni jina la kitambaa: bendera ndefu ya hariri iliyochorwa, ambayo ndiyo tuzo pekee anayopewa mshindi.

Sasa mitaa. Waitaliano huiita contrada, na kila mmoja una alama yake: Twiga, Kobe, Konokono, Bundi, Nungunungu, Bata Bukini, Wimbi, Joka. Selva ni Msitu. Kila mtaa una kanisa lake, makumbusho yake, zizi lake na kisima chake cha mapambo, ambapo watoto hubatizwa kuwa watu wa mtaa, ubatizo ulio mbali na ule wa kanisani. Mitaa mingi ina hasimu wake. Konokono na Kobe ni mahasimu, Nungunungu na Mbwa Mwitu vilevile. Mtu wa Lamu aliyelelewa katika ushindani wa Mkomani na Langoni ataelewa haraka kuliko mpenzi wa mbio za farasi kutoka London.

Kwa kuwa njia ni nyembamba, mitaa kumi tu hukimbia kwa wakati mmoja: saba ambayo haikukimbia katika mbio za tarehe ileile mwaka uliotangulia, na mitatu inayopatikana kwa kura. Siku tatu kabla ya mbio, yaani Juni 29 au Agosti 13, huja kura nyingine, na hii ndiyo kiini cha jambo lote. Farasi huletwa na wenyewe, hujaribiwa uwanjani, kisha wakuu wa mitaa huchagua kumi. Wanatafuta waliokaribiana uwezo, kwa hiyo hata farasi hodari kupita kiasi anaweza kuachwa. Kisha inachomolewa namba ya farasi, linachomolewa jina la mtaa, na hapo imekwisha. Huwezi kubadilisha. Farasi uliyepewa akiumia kabla ya mbio, mtaa wako haukimbii.

Fikiria mashindano ya ngalawa. Kamati inakusanya ngalawa kumi zinazolingana, haijali ni za nani. Kila mtaa unapiga kura na kupewa moja. Hukuichonga wewe wala hukuichagua, lakini kuanzia dakika ile ni ya mtaa wako: mnaifunga bendera yenu, mnailinda usiku kucha, mnaiombea dua. Kisha mnahitaji nahodha. Hamtumii kijana wa mtaani. Mnamkodi fundi wa bahari kutoka kisiwa kingine, ambaye mwezi uliopita aliendesha chombo cha mtaa mwingine na mwezi ujao huenda akaendesha cha mahasimu wenu. Sasa fikiria chombo kimo katikati ya safari, wimbi linampiga nahodha, anatumbukia. Ngalawa inaendelea, tanga limejaa, inavuka mstari mbele ya zote huku bendera yenu ikipepea. Ushindi ni wa nani? Wa nahodha aliye majini? Wa aliyeichonga? Pwani nzima ingesema chombo cha mtaa fulani kimefika kwanza.

Hivyo ndivyo Siena wanavyoona. Aliyekimbia ni mtaa, na farasi ndiye aliyebeba rangi zake. Mpandaji ni mtu wa kukodiwa. Wengi hutoka kisiwa cha Sardinia, na kila mmoja hupewa jina la utani. Aliyekuwa maarufu kuliko wote katika nusu ya pili ya karne ya 20, Andrea Degortes, aliitwa Aceto, yaani Siki, na alishinda mara 14. Atzeni naye, anayeitwa Tittia, alishinda kwa mtaa wa Twiga Julai 2 mwaka huohuo wa 2019, kabla ya kuvaa rangi za Selva wiki sita baadaye.

Kuna sababu nyingine ya kumweka farasi juu ya mpandaji. Katika Palio, mitaa kuahidiana fedha kwa siri si kosa. Ni sehemu ya mchezo, na mikataba hiyo ina jina lake, partiti. Mpandaji anaweza kuahidiwa fedha ili amzuie hasimu wa mtaa fulani. Anaruhusiwa hata kuwachapa wapandaji wenzake kwa nerbo, kiboko kilichotengenezwa kwa uume wa ng'ombe dume uliokaushwa. Mbio zinapokaribia kuanza, tisa kati yao husimama baina ya kamba mbili, wa kumi yuko nyuma, na mbio hazianzi mpaka huyo wa kumi aamue kuingia kwa kasi. Wakati huo wapandaji wananong'onezana bei mbele ya maelfu ya watu, wakati mwingine kwa zaidi ya saa nzima. Katika mazingira hayo, farasi ndiye pekee ambaye hawezi kununuliwa.

Ndiyo maana anatunzwa vile. Mlinzi wake, barbaresco, hulala naye zizini. Siku ya mbio huingizwa kanisani mwa mtaa, kwato zikigonga sakafu, watu wakiwa kimya kabisa ili asishtuke. Padri humbariki na kumwambia: nenda, urudi mshindi. Akiangusha kinyesi humo ndani, watu hufurahi, kwani ni dalili ya heri.

Swali lililobaki ni la mwili: kwa nini farasi asiye na mtu aendelee kukimbia? Hapa watu hupenda kusema kwamba farasi anajua anachotafuta. Maelezo yaliyo karibu zaidi ni rahisi. Farasi ni mnyama wa kundi, na kundi likikimbia naye hukimbia. Njia ina vizuizi pande zote mbili, hivyo hakuna pengine pa kwenda. Mazoezi ni sita kabla ya mbio, hivyo mizunguko mitatu ya uwanja si kitu kigeni kwake. Na mzigo mgongoni umeondoka, pamoja na mkono unaovuta hatamu.

Lakini tusilichukulie hilo kama kanuni. Wapandaji huanguka karibu kila mara, hasa kwenye kona ya San Martino, ambapo njia inakata kulia huku ikiteremka, na kuta zake hufunikwa magodoro. Wengi wa farasi wanaobaki watupu hawashindi: wengine hupunguza mwendo, wengine hupanua kona kwa kuwa hakuna wa kuwaelekeza. Wanaoshinda kwa kawaida walikuwa tayari mbele au karibu na mbele. Kwa hiyo wepesi huenda unasaidia, ila ushindi wa farasi mtupu ni wachache mno kuweza kuthibitisha hivyo. Tena kona hiyohiyo imeua farasi, na watetezi wa wanyama wana hoja nzito kuihusu.

Remorex ndiye anayenivutia kuliko wote, kwa sababu alishinda bila mpandaji mara mbili. Oktoba 2018, katika Palio ya nyongeza ya kukumbuka miaka mia tangu kwisha kwa Vita Kuu ya Kwanza, alishinda kwa mtaa wa Kobe, mpandaji wake pia akiwa ameanguka. Miezi kumi baadaye kura ikampeleka Selva, naye akarudia.

Baada ya ushindi mtaa huandaa karamu ya usiku barabarani, meza ndefu zikipangwa chini ya taa, na farasi huwekwa mahali pa heshima akila chakula chake pamoja na watu wote. Mpandaji naye hualikwa. Hata kama alimaliza mbio akiwa chini vumbini, ushindi huandikwa kwa jina lake pia, na Agosti ile ya 2019 imo katika hesabu ya Tittia.