Mchoraji wa maisha ya kisasa: maana yake, na kisa cha Jean Béraud

Ukisoma habari za sanaa ukakuta mtu ameitwa "mchoraji wa maisha ya kisasa", usimtafute miongoni mwa wachoraji wa leo. Jina hilo ni la karne ya 19, na makao yake hasa ni Paris. Walioitwa hivyo waliwaacha miungu, wafalme na vita, wakachora watu wa mjini wakiwa na nguo za mwaka uleule: wanatoka kanisani, wamekaa mkahawani, wanavuka barabara, wanaingia dansini.

Mshairi Charles Baudelaire ndiye aliyelipa jina hilo uzito, kwa makala aliyoitoa katika gazeti la Le Figaro mwaka 1863. Alimsifu mchoraji Constantin Guys, ambaye hakutaka kutajwa, kwa hiyo makala nzima inamwita "Bwana G." tu. Hoja yake ilikuwa kwamba uzuri una pande mbili, moja hudumu na nyingine hupita na wakati, na mchoraji anayeidharau ile inayopita, yaani mitindo ya nguo, mwendo na mapozi ya siku hizo, anatuachia picha iliyopooza. Wakati huo hilo lilikuwa jambo la kubishaniwa. Shuleni wachoraji walifundishwa kwamba mtu wa maana huchorwa kwa vazi la Kirumi, au bila vazi kabisa.

Mji wenyewe nao ulikuwa umebadilika. Kati ya 1853 na 1870 gavana wa eneo hilo, Haussmann, alibomoa vichochoro vya zamani akapasua barabara pana zenye miti, taa za gesi na njia za waendao kwa miguu. Ukitaka watu wakuone umetokelezea unahitaji nafasi ya kutembea bila kukanyaga tope, na sasa nafasi ilikuwepo. Maduka makubwa kama Bon Marché nayo yakaanza kuuza nguo zilizokwisha kushonwa, hata ikawa si rahisi tena kumjua tajiri kwa kumtazama mara moja.

Mtu aliyeishi kwa kuifuata dhana hii kuliko wengi ni mchoraji Jean Béraud. Alizaliwa St Petersburg, Urusi, mwaka 1849, akalelewa Paris, akasoma sheria. Baada ya vita vya Ufaransa na Prussia, dola ya Kijerumani, akajifunza uchoraji kwa mchoraji Léon Bonnat. Alikuwa na mbinu moja inayonifurahisha sana: aligeuza gari la farasi la kukodi kuwa karakana, akaegesha pembeni mwa barabara, na kuchora kupitia dirishani huku wapita njia wakiendelea na shughuli zao.

Itazame picha yake ya 1889 ya duka la keki la Gloppe, kwenye barabara ya Champs-Élysées. Kuta ni vioo, kwa hiyo wateja wanaonekana mara mbili. Wanawake wamevalia kofia zao, wanaume wana kofia ndefu nyeusi, na keki ni kisingizio tu. Watu wamekuja kutazamana. Katika picha nyingine kuna binti wa duka la kofia anayepita Champs-Élysées na mzigo wa mteja, sketi ameiinua kidogo isiburuzike. Ni mfanyakazi, lakini amependeza kama wale anaowapelekea.

Nguo hizo humsaidia hata mwanahistoria. Wanawake wa wakati ule walifunga kifaa nyuma ya kiuno, chini ya gauni, ili kitambaa kiinuke. Mtindo huo ulienea miaka ya 1870, ukafifia mwishoni mwa muongo, ukarudi kwa nguvu katikati ya miaka ya 1880, na kufikia 1890 ulikuwa unatoweka. Picha isiyo na tarehe inaweza kukadiriwa kwa umbo la mgongo wa gauni.

Je, Béraud alikuwa mchoraji mkubwa? Kwangu mimi, hapana. Gustave Caillebotte, aliyepitia kwa Bonnat huyohuyo, alichora barabara ya Paris siku ya mvua mwaka 1877 kwenye turubai ya zaidi ya mita mbili kila upande, na miamvuli yake bado inatufanya tuhisi upweke wa watu walio karibu. Béraud hafiki huko. Ila kama unataka kujua nguzo ya matangazo ilisimama wapi na glavu zilivaliwaje, muulize Béraud.

Matajiri walimpenda, ila mwaka 1891 alionyesha picha ya Maria Magdalena akiwa ameanguka miguuni pa Yesu, kwa gauni la kisasa, ndani ya chumba cha wanaume wa Paris waliovaa suti nyeusi. Yesu peke yake ndiye aliyebaki na kanzu ya zamani. Kelele zikawa kubwa. Nguo walizozishangilia zikiwa barabarani ziliwaudhi zilipoingia kwenye Injili, hasa kwa kuwa waliokaa kiti cha Mafarisayo walifanana na watazamaji wenyewe. Béraud hakurudi nyuma: mwaka 1892 alichora Yesu akishushwa msalabani, na mahali alipopachagua ni kilima cha Montmartre, Paris ikiwa imetandaa chini yake.