Je, wajua kwa nini masika huua nyanya na kunenepesha mchicha?

Pita sokoni mwezi wa Aprili, iwe Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, uangalie meza za mboga. Mchicha umejaa, majani mapana na laini. Matembele, majani ya maboga, mlenda, kunde, vyote vipo na muuzaji anakuongeza bila kuombwa. Kwenye nyanya mambo ni mengine: fungu limepungua, bei imepanda, na hizo zilizopo zimepasuka ngozi au zina mabaka. Bustani za nyumbani nazo zinasema hivyo hivyo. Mvua zikianza mwezi wa Machi, watu hupanda kila kitu kwa pamoja kwa kuamini kwamba maji ni neema kwa kila mmea. Kufikia Mei, mchicha umeshachumwa mara kadhaa, na nyanya zimebaki vijiti vikavu.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba mvua imezidi. Lina ukweli, lakini halitoshi, kwa sababu nyanya yenyewe ni mnywaji mkubwa wa maji. Ikikosa maji wakati wa kuzaa, haizai. Kinachoiua wakati wa masika ni maji kukaa mahali pasipo pake: juu ya majani kwa saa nyingi, na ndani ya udongo katika nafasi zilizopaswa kuwa na hewa. Ukilielewa hilo, karibu kila ushauri wa bustani ya masika unajieleza wenyewe.

Tuanze na asili yake. Ndugu wa porini wa nyanya wanaota upande wa magharibi wa Amerika Kusini, kwenye milima ya Andes na pwani kavu ya Peru na Ecuador. Huko jua ni kali, mvua ni haba, na jani likilowa kwa umande hukauka mapema. Wenyeji wa Mexico ndio walioiendeleza kuwa zao la bustani, na Wahispania wakaivusha kwenda Ulaya katika karne ya 16. Ni mmea uliozoea kulowa mizizi na kukauka majani. Masika yetu huilowesha kote.

Jani lililolowa ni hatari kwa sababu ya kinachosubiri maji hayo. Kwenye maeneo ya baridi kama Lushoto, Mbeya, miinuko ya Arusha au Limuru, adui mkuu ni bakajani chelewa. Wakulima huuita ukungu, na unafanana na ukungu kweli, ila kiumbe kinachouleta si ukungu halisi. Jina lake la kitaalamu ni Phytophthora infestans; kuta za seli zake zimejengwa kwa selulosi kama za mimea, na kiukoo kiko karibu zaidi na mwani wa kahawia wa baharini. Mjerumani Anton de Bary ndiye aliyelipa kundi hilo jina Phytophthora mwaka 1876, kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya mharibifu wa mimea. Hakutia chumvi. Kiumbe hiki ndicho kilichoozesha viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, njaa ikafuata, na watu wapatao milioni moja wakafa. Viazi mviringo na nyanya ni wa ukoo mmoja, na ugonjwa huu hauwabagui.

Namna kinavyofanya kazi inaeleza kila kitu kuhusu masika. Vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho hupeperushwa na upepo kutoka shamba lililougua na kutua kwenye jani lako. Jani likiwa kavu, vingi hufa hapo hapo. Jani likiwa na utando wa maji, na hewa ikiwa ya baridi kidogo, kila kifuko hupasuka na kutoa vijimbegu vyenye mikia miwili ambavyo huogelea. Tone la maji kwao ni bwawa. Huogelea humo hadi vikapata mahali pa kushika, vikaota na kupenya ngozi ya jani. Kazi yote hiyo huhitaji saa chache tu za unyevu, na usiku mmoja wa mvua za rasharasha unatosha kabisa.

Siku chache baadaye utaona doa la kijani kilichofifia, kama jani limemwagiwa maji ya moto, kisha doa linageuka kahawia nyeusi. Liangalie asubuhi na mapema kabla jua halijapanda. Geuza jani, tazama upande wa chini, kwenye ukingo wa doa pale penye mpaka wa sehemu iliyokufa na iliyo hai. Ukiona utando mweupe mwembamba, hivyo ndivyo vifuko vipya, maelfu kwa maelfu, vinasubiri upepo. Ukikuta hivyo kwenye mche mmoja, usingoje kesho kuuondoa. Dawa za ukungu, zile za shaba na nyinginezo, hufanya kazi ya kukinga jani ambalo bado ni zima. Jani lililokwisha kuugua haziliponyi. Na kwa mboga ya nyumbani, inayotoka tutani ikaingia sufuriani, mimi ningependa kuzitegemea mwisho kabisa. Ukilazimika kuzitumia, soma kwenye kifungashio siku za kusubiri kabla ya kuvuna na uziheshimu.

Pwani kuna joto, na bakajani chelewa haina nguvu sana. Huko nyanya hufa kwa njia nyingine inayoshangaza zaidi: jana mche ulikuwa umesimama, leo mchana umenyauka ukiwa bado kijani kibichi, bila doa wala jani la njano. Huo mara nyingi ni mnyauko wa bakteria. Kuna jaribio rahisi ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya jikoni. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kidole hivi, kwa kisu kisafi. Kining'inize kwenye glasi ya maji safi ili ncha ya chini iguse maji tu, halafu usiitikise glasi. Kama ni mnyauko wa bakteria, baada ya dakika chache utaona uzi mweupe kama maziwa ukishuka taratibu kutoka kwenye shina. Uzi huo ni bakteria wenyewe, Ralstonia solanacearum, mamilioni yao. Wameziba mishipa inayopandisha maji, ndiyo maana mche unakufa kwa kiu huku umezungukwa na tope.

Bakteria hawa hukaa udongoni. Huingia kupitia vidonda vya mizizi, vile vya jembe wakati wa kupalilia au vya minyoo fundo, minyoo midogo inayoshambulia mizizi, na maji ya mvua yanayotiririka huwahamisha kutoka tuta moja hadi jingine. Dawa ya kuuponya mche haipo. Ng'oa na mizizi yake, usiutupe kwenye mboji, osha jembe, na tuta hilo usilipande nyanya, bilinganya, pilipili, mnavu wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Wote hao ni ukoo mmoja. Panda mahindi au vitunguu.

Kuna kifo cha tatu ambacho hakihitaji mdudu wala ugonjwa wowote, nacho hutokea kwenye bustani zisizotoa maji. Mizizi ni hai na inapumua. Hewa yake hukaa kwenye vijinafasi kati ya chembe za udongo, na mvua ikivijaza maji, oksijeni inakwama, kwa kuwa ndani ya maji husafiri polepole mara 10,000 hivi kuliko hewani. Mizizi ikikosa pumzi hushindwa kufyonza maji hata kama imezama ndani yake. Wakati huo huo hupeleka juu kemikali ambayo kwenye majani hugeuka kuwa gesi ya ethilini, na gesi hiyo hufanya vikonyo vya majani viiname kuelekea chini. Basi mwenye bustani anaona majani yameinama, anadhani mche una kiu, anauongezea maji. Inasikitisha, kwa sababu mtu anamaliza mmea wake kwa kuuhurumia. Kabla ya kuchukua ndoo, chomeka kidole udongoni. Kama kinatoka na tope, acha.

Sasa mchicha. Kwa nini wenyewe unashangilia?

Sehemu ya jibu iligunduliwa hapa hapa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1950, mtafiti H. F. Birch alikuwa akifanya kazi Muguga, karibu na Nairobi. Alipima udongo uliokaushwa kisha ukaloweshwa, akakuta kwamba mara tu maji yanapoingia, vijidudu vya udongoni huamka kwa pamoja, huvunjavunja mabaki ya viumbe, na kuachilia naitrojeni nyingi kwa muda mfupi. Wanasayansi duniani kote wanaliita jambo hilo kwa jina lake hadi leo. Kiangazi kirefu kikifuatiwa na mvua za kwanza, udongo wetu hutoa mbolea ya bure kwa siku chache, kisha mvua zinazoendelea huishusha chini mizizi isikofika. Mmea wa majani ndio unaofaidi, kwa sababu naitrojeni ndiyo inayojenga majani. Mchicha uliosiwa mapema unaidaka mbolea hiyo yote. Nyanya, ambayo lazima ikae kitaluni wiki nne au zaidi, inafika shambani karamu imekwisha. Wazee waliosisitiza mbegu ziwe ardhini mvua za kwanza zinapogonga walikuwa sahihi kabisa.

Sehemu nyingine ni haraka yake. Mchicha huanza kuvunwa wiki tatu hadi nne baada ya kusia, na tunachokula ni jani. Nyanya ni lazima iishi, itoe maua, ichavushwe, itunge tunda na kuliivisha, na kwenye kila hatua masika yanaisumbua. Hewa yenye unyevu mwingi hufanya chavua yake igandamane isitoke kwenye ua. Mvua kubwa baada ya siku kavu hujaza tunda maji ghafla hadi ngozi inapasuka. Mchicha nao hupata madoa ya majani, lakini unakuwa umeshaliwa kabla ugonjwa haujapata nafasi. Halafu ni mmea wa joto: pamoja na mahindi, mtama na miwa, una njia maalumu ya kunasa kaboni dayoksaidi inayoufanya ukue kwa kasi hata joto likiwa kali. Nyanya haina njia hiyo, na maharage hayana.

Adui mkubwa wa mchicha masika ni tone lenyewe. Gramu moja ya mbegu ina punje zaidi ya 1,000, na tone kubwa la mvua huanguka kwa kasi ya mita 9 hivi kwa sekunde. Mbegu zilizosiwa juu juu husombwa zote zikalundikana bondeni mwa tuta. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisambae, sia kwenye mistari isiyo na kina, kisha tandaza nyasi kavu kidogo juu. Zikichipua, ondoa nyasi jioni.

Kwa anayetaka nyanya hata hivyo, kazi ni kulinda jani lisilowe na mzizi usizame. Inua matuta sentimita 20 hadi 30 na uache mfereji wa kutolea maji. Ndoo au gunia lenye matundu chini ni bora zaidi, maana unaweza kulisogeza barazani. Funika kwa nailoni angavu juu ya fito nne, pande zote zikiwa wazi ili upepo upite. Ukifunga pande umetengeneza chumba cha ukungu. Simika miti na ufunge mashina. Kata majani yote ya chini yanayokaribia udongo, kwa sababu matone yakigonga ardhi hurusha tope lenye vijidudu hadi kwenye majani hayo, na matandazo ya nyasi huzuia mruko huo. Wataalamu pia huunganisha ncha ya mche wa nyanya juu ya shina la aina teule za bilinganya, ambazo huvumilia tope na mnyauko wa bakteria. Kituo cha Kimataifa cha Mboga chenye makao yake Taiwan, na ofisi ya kanda Arusha, kimeisambaza mbinu hiyo kwa miaka mingi.

Lakini njia iliyo rahisi kuliko zote ni kubadili tarehe. Mkulima wa bustani London husia nyanya ndani ya nyumba mwezi wa Machi na kuzitoa nje mwishoni mwa Mei, baada ya hatari ya barafu kupita, kwa sababu kwake kinachofungua msimu ni joto. Pwani yetu joto lipo mwaka mzima, na kwa nyanya limezidi: usiku wa Machi Dar es Salaam mara nyingi halishuki chini ya nyuzi 23, na nyanya nyingi hudondosha maua usiku ukiwa na joto namna hiyo. Julai, kusi ikivuma, usiku hushuka hadi karibu nyuzi 19 na mvua ni chache. Huo ndio msimu wa nyanya ya pwani.

Kwa hiyo sia kitalu cha nyanya mwishoni mwa Aprili, chini ya nailoni, kwenye udongo unaotoa maji vizuri ili kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina la miche michanga, kisiiangushe. Matuta yaache kwa mchicha. Mwisho wa Mei mvua zikipungua, ng'oa mchicha uliochoka, changanya samadi iliyooza vizuri, na uhamishie miche humo humo, nafasi ya sentimita 60 kati ya mche na mche. Hamisha jioni, mwagilia chini kwenye shina, na kuanzia hapo mwagilia asubuhi tu.